Kabla ya Kununua Dawa ya Mbegu, Zijue Seli Zinazozilea

Mwongozo huu ni wa mwanamume anayetafuta mtoto, wa mke wake, na wa mzazi yeyote mwenye mtoto wa kiume. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 hupitia tatizo la kukosa mtoto wakati fulani wa maisha yake, na katika takriban nusu ya wenza wenye shida hiyo upande wa mume unachangia, peke yake au pamoja na upande wa mke. Hata hivyo ni mke anayetangulia hospitali, na mume akikubali kupimwa mara nyingi huwa amekwisha kunywa chupa kadhaa za dawa ya "kuongeza mbegu". Hoja yangu ni hii: mbegu ya kiume haijitengenezi. Inalelewa kwa zaidi ya miezi miwili na seli nyingine zilizomo ndani ya korodani, na sehemu kubwa ya yale unayoweza kuyafanya ili upate mbegu nzuri ni kuzilinda seli hizo zifanye kazi yake bila kusumbuliwa. Ukiielewa kazi hiyo utajua kwa nini kipimo kimoja hakitoshi, kwa nini sindano ya testosteroni inamaliza mbegu, na kwa nini mtoto ambaye korodani yake haijashuka hapaswi kusubiri mpaka aanze shule.

Kinachofanyika ndani ya korodani

Korodani imejaa mirija myembamba iliyojikunjakunja, upana wake karibu robo ya milimita, na yote ikinyooshwa urefu wake ni mamia ya mita. Ukitazama mrija mmoja uliokatwa, kwa darubini, unaona ukuta mnene wa seli za duara zilizobanana. Zile changa ziko pembeni, zimekalia utando wa nje wa mrija. Zilizokomaa ziko ndani, mikia imeelekea kwenye uwazi wa katikati. Kati ya umati huo zimesimama seli chache ndefu, mguu kwenye utando wa nje na kichwa kwenye uwazi. Mipaka yake ni vigumu kuifuata kwa jicho kwa sababu kila upande zimebonyezwa na mbegu zilizojikita ndani yake. Kinachozitambulisha ni kiini chake, kikubwa na chenye mikunjo. Daktari kijana wa Kiitalia, Enrico Sertoli, alizieleza mwaka 1865, na ndiyo maana zinaitwa seli za Sertoli. Nitaziita pia seli za ulezi, kwa sababu kila moja huhudumia seli za mbegu 30 hadi 50 kwa wakati mmoja, za rika mbalimbali.

Ulezi huo una kazi nyingi, lakini mbili zinastahili kutazamwa kwa karibu. Ya kwanza ni ukuta. Seli za Sertoli zilizo jirani zimeshonana kwa nguvu kiasi kwamba kitu kilicho kwenye damu hakiwezi kupenya hadi kwenye mbegu zinazokomaa isipokuwa zenyewe zikipitishe. Sababu ni kinga ya mwili. Kinga hujifunza kuutambua mwili wake tangu mapema, lakini mbegu zinazokomaa huanza kuonekana wakati wa balehe, zikiwa na protini ambazo kinga haijawahi kuziona. Zikiachwa wazi, askari wa mwili watazishambulia kama wanavyoshambulia vijidudu. Kwa hiyo seli changa inapofika wakati wa kuvuka kwenda ndani, mshono mpya hufungwa chini yake kwanza, kisha ndipo ule wa juu yake hufunguliwa. Inavuka bila ukuta kubaki wazi. Pigo kali la korodani linaweza kuuvunja ukuta huo, na baadhi ya wanaume hubaki na kingamwili zinazopambana na mbegu zao wenyewe.

Kazi ya pili inatokana na ya kwanza. Mbegu iliyo nyuma ya ukuta haifikiwi moja kwa moja na damu, kwa hiyo chakula chake lazima kipitie kwa mlezi. Seli ya Sertoli huchukua glukosi, huigeuza kuwa laktati, na hiyo laktati ndiyo mbegu zinazokomaa huitumia kupata nguvu. Huzipitishia pia madini ya chuma. Humeza mabaki ambayo kila mbegu huyatupa inapojipunguza mwili ili iweze kuogelea, na humeza seli zilizokufa njiani, ambazo si chache. Mwisho huiachia mbegu iende zake kwenye uwazi wa mrija.

Amri za kazi hii hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo. Tezi hiyo hutuma homoni mbili. FSH huenda kwa seli za Sertoli. LH huenda kwa seli za Leydig, zilizo nje ya mirija, nazo hutengeneza testosteroni. Seli za Sertoli hujibu kwa homoni iitwayo inhibini B, inayoiambia tezi ipunguze FSH. Shika mawasiliano haya ya kwenda na kurudi, kwa sababu majibu yako ya maabara yatasomwa kwa kuyafuata.

Je, ni kweli ulezi unaamua?

Msomaji makini atauliza: huenda mbegu ndiyo yenye shida, na hizi seli nyingine zinasindikiza tu? Swali hilo limepimwa kwa panya. Mwaka 2004 watafiti walizaa panya ambao seli za Sertoli peke yake hazikuweza kuipokea testosteroni, huku seli nyingine zote zikiipokea kama kawaida. Mbegu zilikwama katikati ya safari na panya hao hawakuzaa. Panya ambao seli za mbegu ndizo zilizonyimwa uwezo huo walizaa bila shida. Maana yake ni kwamba testosteroni haisemi na mbegu. Husema na mlezi, na mlezi ndiye anayeifanyia kazi. Jaribio jingine, la 1996, lilikwenda mbali zaidi: seli mama za mbegu za panya wakubwa ziliwekwa ndani ya mirija ya panya wadogo, jamii nyingine kabisa, na mbegu za panya wakubwa zilikomaa zikilelewa na seli za Sertoli za wenyeji.

Ushahidi huo una mpaka wake, na ni haki uujue. Katika panya hao hao ilionekana baadaye kwamba kasi ya kukua iliamuliwa na mbegu, mlezi akaifuata. Na mlezi mzuri hawezi kulea kisichokuwepo. Wapo wanaume ambao mirija yao ina seli za Sertoli tupu, bila seli mama za mbegu hata moja, na wengine wamekosa kipande cha kromosomu Y kinachohitajika. Dawa za saratani pia huua seli za mbegu kwa wingi kwa sababu hizo hugawanyika, huku seli za Sertoli, ambazo kwa mtu mzima hazigawanyiki, zikisalia. Kwa hiyo sikuambii kwamba kila tatizo ni la ulezi. Ninasema kwamba ulezi ndio eneo ambalo mwenendo wako, muda wako na maamuzi yako yanaweza kulifikia. Na kama wewe au kijana wako aliyekwisha balehe anakaribia kuanza dawa za saratani, omba mbegu zihifadhiwe kwa kugandishwa *kabla* ya dozi ya kwanza, si baada yake.

Hesabu ya miezi mitatu

Safari ya mbegu ndani ya mrija huchukua siku 64 hadi 74 hivi, kutegemea unaanzia kuhesabu wapi, kisha wiki moja au mbili kwenye mrija wa nyuma ya korodani ambako hujifunza kuogelea. Shahawa unayopeleka maabara leo inaeleza maisha ya miezi mitatu iliyopita. Homa kali ya malaria uliyougua mwezi jana inaweza kuonekana leo kama upungufu wa mbegu, ingawa wewe umekwisha pona na unafanya kazi zako. Vivyo hivyo, ukiacha sigara leo na kupima wiki ijayo, umepima mbegu zilizolelewa ndani ya moshi. Wauzaji wanaoahidi matokeo kwa siku saba wanakuuzia kitu ambacho mwili haukifanyi.

Jinsi ya kupima shahawa ili majibu yawe na maana:

1. Angalia kalenda ya miezi mitatu nyuma. Ukiwa umeugua homa kali, umefanyiwa upasuaji au umetumia dawa mpya, mweleze daktari. Anaweza kukuambia usubiri.
2. Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa. Chini ya hapo idadi hushuka, na zaidi ya hapo mbegu zilizokufa huongezeka.
3. Toa sampuli hapo hapo maabara kama kuna chumba cha faragha. Ukitolea nyumbani, ifikishe ndani ya saa moja, kikopo kikiwa kwenye mfuko wa ndani ya nguo karibu na mwili. Kisiwekwe kwenye barafu wala kuachwa juani kwenye dashibodi ya gari.
4. Usitumie sabuni, mafuta, mate wala kondomu ya kawaida. Vyote hivyo vinaweza kuharibu mbegu.
5. Kusanya shahawa yote. Tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi. Likimwagika, sema, usione haya, la sivyo utaandikiwa upungufu usio wako.
6. Majibu yakiwa mabaya, rudia baada ya mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kukubali jina lolote la ugonjwa.

Mwongozo wa maabara wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja viwango vya chini: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, jumla milioni 39, zinazotembea asilimia 42, zenye umbo la kawaida asilimia 4. Hiyo ya mwisho ndiyo huwatisha wengi: mtu anasoma kwamba asilimia 95 ya mbegu zake zina kasoro na anarudi nyumbani amekata tamaa. Viwango hivi vilipatikana kwa kupima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, kisha kuchukua alama ambayo asilimia 5 tu ya wanaume hao walikuwa chini yake. Waliokuwa chini ya alama nao ni akina baba. Kuwa juu ya kiwango si hati ya kuzaa, na kuwa chini yake si hukumu. Kinachobadilisha hesabu kabisa ni sifuri, kwani hapo lazima ijulikane kama mbegu hazitengenezwi au zinatengenezwa na njia imeziba.

> Kusoma FSH pamoja na majibu ya shahawa
>
> Mbegu chache au sifuri, FSH iko juu: tezi inapiga kelele na haijibiwi. Ulezi ndani ya mirija umedhoofika au hakuna mbegu za kulea. Uliza kuhusu vipimo vya kromosomu.
>
> Mbegu chache au sifuri, FSH na LH ziko chini: amri haitoki. Jiulize kama umewahi kutumia testosteroni. Kama hujatumia, hii ni moja ya hali zinazotibika vizuri kwa sindano za homoni.
>
> Mbegu sifuri, FSH ya kawaida, korodani za ukubwa wa kawaida: huenda njia imeziba. Si lazima iwe hivyo, kwani wapo ambao mbegu zao hukwama katikati na FSH ikabaki ya kawaida. Daktari bingwa wa njia ya mkojo ndiye wa kuamua.

Hata penye seli za Sertoli karibu tupu, mirija michache inaweza kuwa na mbegu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wapo madaktari wa upasuaji wanaoitafuta mirija hiyo kwa darubini na kutoa mbegu za kutungisha mimba maabara. Ni huduma ghali na haifaulu kwa kila mtu. Kabla ya kulipa, hakikisha kromosomu Y imepimwa, kwa sababu ipo aina ya upungufu ambayo upasuaji huo hauna kitu cha kukuta.

Testosteroni ya kununua

Hapa ndipo ninapokuomba usome polepole, kwa sababu kosa hili linafanywa na vijana wenye afya njema. Kijana anayenyanyua vyuma anachomwa testosteroni ili misuli ijae. Mume aliyekaa mwaka bila mtoto anaandikiwa sindano hiyo hiyo, wakati mwingine na mtu mwenye koti jeupe, kwa hoja kwamba hii ndiyo homoni ya kiume, basi ikiongezeka uzazi nao utaongezeka. Hoja inaingia akilini, lakini imeacha mlezi nje. Ndani ya korodani testosteroni ni nyingi kuliko kwenye damu kwa makumi ya mara, kwa sababu seli za Leydig zinaitengeneza hapo hapo, jirani na mirija. Kiasi hicho kikubwa ndicho seli za Sertoli zinachokihitaji. Ukichomwa sindano, testosteroni ya kwenye damu hupanda, tezi iliyo chini ya ubongo huona imetosha na kuacha kutuma LH na FSH. Seli za Leydig hulala. Ndani ya korodani kiwango huporomoka ingawa kwenye damu kimepanda, na seli za Sertoli zinakosa homoni zake mbili kwa mpigo. Mbegu husimama.

Hii si nadharia. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 1990 matokeo ya kutumia miligramu 200 za testosteroni kila wiki kama njia ya *kuzuia* mimba. Wengi wa wanaume waliochomwa walifikia mbegu sifuri ndani ya miezi sita, na kwa hao kinga dhidi ya mimba ilikuwa kubwa sana. Dawa iliyojaribiwa kama uzazi wa mpango wa wanaume ndiyo anayouziwa mtu anayetafuta mtoto.

Utajibu: lakini nikichomwa najisikia vizuri, nguvu zimerudi, hamu imeongezeka. Ni kweli, na ndiyo hatari yake. Hamu na nguvu hufuata testosteroni ya kwenye damu. Uzazi hufuata kazi ya seli za Sertoli ndani ya mirija. Mambo haya mawili yanaweza kuachana kabisa: mwanamume anaweza kuwa hodari kitandani na asiwe na mbegu hata moja, na mwingine akawa na shida ya kusimamisha huku mbegu zake ni nzuri. Kwa sababu hiyo "dawa ya nguvu za kiume" haijibu swali la mtoto hata ikifanya kazi. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimewahi kukuta ndani ya dawa za aina hiyo, zinazouzwa kama mitishamba mitupu, sildenafili iliyochanganywa kwa siri. Sildenafili husimamisha uume. Mbegu haiziongezi, na kwa mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti inaweza kuua.

Kama umekwisha tumia testosteroni au steroidi za misuli, fanya hivi. Mweleze daktari jina, dozi na muda bila kuficha. Pima shahawa, FSH, LH na testosteroni. Acha kwa usimamizi wake, kwa kuwa wiki za kwanza uchovu na huzuni vinaweza kukubana, na usijitibu kwa sindano nyingine za kupewa na wenzako wa jimu. Kisha subiri kwa hesabu sahihi. Uchambuzi wa majaribio ya uzazi wa mpango wa wanaume uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba wanaume wenye afya, baada ya kuacha, asilimia 67 walirudia mbegu milioni 20 kwa mililita ndani ya miezi 6 na asilimia 90 ndani ya mwaka. Waliotumia steroidi nyingi kwa miaka huweza kuchelewa zaidi, ndiyo maana kuacha mwezi huu ni bora kuliko kuacha mwakani.

Joto, busha na sumu

Korodani zinaning'inia nje ya mwili kwa sababu kazi yake inahitaji joto la chini ya mwili kwa nyuzi 2 hadi 4. Mtu atapinga: kama joto linaharibu, mbona Pwani na Sahel watu wanazaa? Kwa sababu mfuko wa korodani hutoa jasho, hulegea na kujikunja kurekebisha joto la hewa. Kinachoushinda ni joto lililofungiwa: nguo ya ndani inayobana mchana kutwa, kiti kilicho juu ya injini, kompyuta mapajani, kazi ya mbele ya tanuri. Utafiti wa wanaume 656 waliofika kliniki ya uzazi huko Massachusetts, uliochapishwa mwaka 2018, uliwakuta wanaovaa chupi za kupwaya na mbegu asilimia 25 zaidi kwa kila mililita, na FSH yao ikiwa asilimia 14 chini. Hiyo FSH ndiyo inayonivutia, maana inadokeza kwamba tezi haikulazimika kuwasukuma walezi sana. Ni utafiti wa kulinganisha watu, hauthibitishi kisababishi. Lakini gharama ya kuvaa nguo pana na kushinda na msuli au kikoi nyumbani ni ndogo mno kusubiri uthibitisho. Dereva wa safari ndefu na mwokaji mikate wajipe mapumziko ya kusimama na kutembea.

Kwenye mwambao wetu lipo jambo jingine. Busha, ambalo mara nyingi huletwa na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu, huizunguka korodani kwa maji yanayoibana na kuzuia joto lisitoke. Dawa za kampeni ya matende hupunguza minyoo katika jamii. Maji yaliyokwisha jaa huondolewa kwa upasuaji, ambao ni wa kawaida, na watu huficha busha kwa miaka kwa aibu tu. Karibu na hilo ni varikoseli, mishipa ya vena iliyovimba juu ya korodani, hasa ya kushoto, inayohisiwa kama fundo laini ukisimama. Wanayo takriban asilimia 15 ya wanaume wote, na karibu asilimia 40 ya wanaochunguzwa kwa kukosa mtoto. Ikiwa inashikika kwa mkono na shahawa si nzuri, upasuaji unaweza kusaidia. Ikiwa inaonekana kwenye altrasaundi tu, usikimbilie kisu.

Sumu nazo zina historia ya kutisha. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda cha viuadudu huko California waligundua, kwa kuzungumza wao kwa wao, kwamba hawapati watoto. Chanzo kilikuwa DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongoni. Mirija ya walioathirika zaidi ilibakiwa na seli za Sertoli bila mbegu, na baadhi yao hawakurudia hali yao. Ukinyunyiza dawa shambani vaa glavu na barakoa, usinyunyize ukikabili upepo, na vua nguo hizo kabla ya kuingia ndani. Sigara, miongoni mwa mengi, ina kadimiamu, metali ambayo kwa panya imeonekana kuvunja mishono ya seli za Sertoli.

Vipi vidonge vya zinki na asidi ya foliki? Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2020, lenye wenza 2,370, liliwapa wanaume virutubisho hivyo kwa miezi sita na kuwalinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Shahawa hazikuboreka na watoto waliozaliwa hawakuongezeka. Mwenye upungufu wa lishe na ale vizuri. Hela ya vidonge iweke kwenye nauli ya kumwona bingwa.

Mwenye mtoto wa kiume

Idadi ya seli za Sertoli hupangwa mapema: tumboni, miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa, na tena kabla ya balehe. Balehe ikifika huacha kugawanyika. Kwa kuwa kila moja ina kikomo cha mbegu inazoweza kulea, kiwango cha juu cha uzazi wa mtu mzima huamuliwa kwa sehemu kubwa akiwa bado mtoto. Hapo wengine husema: basi mimi mtu mzima sina la kufanya. Unalo, kwa sababu idadi ni kitu kimoja na hali ya kazi ni kingine. Wanaume wenye korodani moja huzaa, ilmradi iliyobaki inafanya kazi vizuri. Lakini kwa mtoto nafasi ni pana zaidi, nayo hupita haraka.

☐ Mtoto akizaliwa, na tena akiwa na miezi 6, hisi korodani zote mbili akiwa ametoka kuoga maji ya uvuguvugu na mikono yako si ya baridi. Iliyopanda na kushuka yenyewe si sawa na ambayo haijawahi kushuka, lakini zote mwonyeshe daktari.

☐ Ikiwa haijashuka kufikia miezi 6, omba rufaa. Upasuaji hufanywa kati ya miezi 6 na 18. Usikubali kuambiwa "itashuka akikua".

☐ Chanjo ya surua na rubela haina kinga ya matubwitubwi. Ile ya magonjwa matatu inayo. Ulizia, kwani matubwitubwi yakimpata kijana baada ya balehe yanaweza kuvimbisha korodani na kuzisinyaza.

La mwisho ni la dharura. Korodani inaweza kujisokota kwenye kamba yake na kukatiwa damu, hasa kwa wavulana wa miaka 12 hadi 18, mara nyingi usiku. Maumivu huja ghafla upande mmoja, pamoja na kichefuchefu au kutapika, na korodani huonekana imepanda juu au imelala upande. Ikifunguliwa ndani ya saa 6 kwa kawaida huokoka. Baada ya hapo nafasi hupungua kila saa, na seli za mbegu na walezi wao hufa pamoja. Kijana anaweza kusema tumbo ndilo linauma kwa kuona haya, kwa hiyo mwambie mwanao mapema kwamba maumivu ya hapo hayafichwi. Akikuamsha, usimkande kwa maji ya moto, usimpe panadoli mkasubiri kupambazuke. Mpeleke hospitali yenye chumba cha upasuaji, sema mlangoni kwamba korodani inauma ghafla na taja saa maumivu yalipoanza, kisha mwombe daktari aishonee na ya upande wa pili isije ikajisokota.